Sukari ya Utotoni

Nina shahada tatu, nina funguo za maabara, nina mvi moja ninayoificha chini ya kitambaa, na bado kila siku saa nne ya asubuhi naletewa maziwa ya moto kazini. Anayeniletea ni mama yangu. Mama yangu ndiye mkuu wa maabara. Kwa hiyo siwezi kumlalamikia mkuu wa maabara kwamba kuna mama mmoja ananisumbua kazini, na siwezi kumtisha mama kwamba nitamshtaki kwa mkuu wa maabara.

Anakuja na kikombe cha bati cha bluu, povu limejaa hadi ukingoni. Anasimama nje ya mlango, kwa sababu ndani ni marufuku kula na kunywa, kisha anaita kwa sauti ya mtu anayeita kuku: "Kitinda!" Hilo ni jina langu la nyumbani, maana mimi ndiye kitinda mimba. Mimi nimekatazwa kumwita Mama mbele ya wanafunzi, nimwite Profesa. Yeye hakujikataza chochote. Basi Kitinda anavua glavu, anatoka koridoni, anakunywa maziwa huku amesimamiwa kama mgonjwa asiyeaminika na vidonge vyake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapita wakijifanya wanasoma matangazo ukutani.

Shahidi mkuu wa aibu yangu ni mwenzangu tunayemwita Kidole. Tumeajiriwa pamoja, tunagawana meza moja, na jina hilo alipewa na mama yangu. Siku moja alishika kioo cha vipimo bila glavu. Kioo kile kinapakwa unga mweupe, na unga ule hauna siri: ukinyunyiziwa dawa na kutiwa ovenini, mafuta yoyote yaliyougusa yanajitokeza. Kilipotoka ovenini, katikati yake kulikuwa na dole gumba zima, na mistari yake yote. Mama hakumgombeza. Alikitundika ukutani, karibu na mlango, na kila mgeni akija humwonyesha. "Huyu ni fundi wetu," husema. "Tunamfahamu kuliko polisi wanavyomfahamu."

Mama yangu yuko hivyo. Ana maneno, na ukimpa nafasi atayatumia.

Kazi yetu, kwa ufupi ambao yeye angeuchukia, ni hii. Kila seli ya ubongo imevaa nje yake mafuta yenye sukari. Mafuta yamezama katika ngozi ya seli, sukari imechomoza nje. Seli haina macho. Ubongo unapojengwa, seli zinahama, zinapita katikati ya nyingine, na njia yao ya kujuana ni kupapasana sukari: huyu wa kwetu, huyu si wa kwetu, hapa nipite, hapa nikae, hapa ninyooshe mkono uwe neva. Ubongo ukiwa mchanga kabisa, seli zinavaa sukari fupi, nyepesi, ya kukimbia nayo. Zikishafika mahali pa kukaa, zinaiongezea kijisukari kimoja, kingine, matawi, mpaka zinavaa kama watu wazima wenye shughuli zao. Ile fupi tunaiita sukari ya utotoni. Ina jina la kitaalamu pia, la herufi na namba, lakini hata Profesa halitumii akiwa na njaa.

Kwamba sukari ya utotoni hupungua ubongo unavyokua, hilo linajulikana tangu zamani. Mimi nilikuwa naitazama sehemu moja tu ya ubongo wa kifaranga, ile inayopokea habari za macho. Nilikuwa nachukua mayai kwenye kitotoleshi, mengine machanga, mengine yamebakisha kidogo yaanguliwe. Nasaga kile kipande cha ubongo, nayavuta mafuta kwa dawa, naweka tone juu ya ule unga mweupe, nasimamisha kioo ndani ya tangi lenye kimiminika. Kimiminika kinapanda kama mafuta ya taa katika utambi, na kila sukari inapanda nacho hadi inapoweza. Ukishanyunyizia dawa na kutia ovenini, unapata mistari ya zambarau. Upande wa ubongo mchanga, mstari wa utotoni unapaswa kuwa mnene. Upande wa ubongo mkubwa unapaswa kuwa umekwisha, au karibu.

Wangu haukwisha.

Na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa juu. Watu wa maabara moja ya mji mwingine, wanaotafuta namna ya kuzifanya neva zilizokatika ziote tena, walinipigia simu: nafasi yako ipo, tutaishikilia hadi mwisho wa mwezi. Nilimwambia mama wakati tunaosha vyombo. Hakugeuka.

"Nenda," alisema. "Nani amekushika mguu?"

"Kweli, Mama?"

"Lakini hutoki kwangu na kazi chafu. Wataniuliza mimi. Niletee kioo kisafi, na kesho yake nakusindikiza mwenyewe, na begi nakubebea."

Kaka yangu aliondoka, dada zangu wakaolewa mbali, na vyumba vyao mama anavitandika kila Jumamosi kama hoteli isiyo na wageni. Nilibaki mimi. Niliitaka ile kazi kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na kati yangu nayo kulikuwa na mstari mmoja wa zambarau.

Nilirudia. Mstari upo. Nikabadilisha mayai. Mstari upo. Nikachukua ubongo wa kifaranga aliyekuwa ameshaanza kudonoa ganda kutoka ndani, yaani mtu mzima kwa kipimo chetu, mwenye haraka ya kutoka. Mstari upo, mnene, umejilaza pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama alikitazama kioo kwenye mwanga wa dirisha, miwani ikiwa imepanda kwenye paji la uso.

"Umepanda unywele," alisema. Alimaanisha mstari wangu ulisimama unywele mmoja juu zaidi ya ule wa ubongo mchanga.

"Kwa nini?"

"Kimiminika chako cha kupandishia kimechakaa. Rudia." Kisha akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. "Au labda sehemu hii ya ubongo imekataa kukua. Si kila kitu lazima kikue, Kitinda."

Saa nne ikafika. Nikanywa maziwa.

Kidole ndiye aliyesema tupike hewa. Maana yake ilikuwa tufanye kazi yote, hatua kwa hatua, bila kuweka ubongo: maji matupu yasagwe, maji matupu yavutwe mafuta ambayo hayana, tone la hakuna kitu liwekwe juu ya kioo. Kama mstari unatoka kwa kifaranga, hewa haitakuwa nao.

Kioo kilitoka ovenini. Tuliinama wote wawili, vichwa vikagongana.

"Mwenzangu," akasema Kidole polepole, "hewa yetu ina utoto."

Ulikuwepo, rangi ya zambarau, tena umepanda unywele. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni, halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu nilihesabu jinsi nilivyohangaika. Vifaranga wote wale niliowasingizia kwamba wamekataa kukua, kumbe hawana kosa. Uchafu ulikuwa wetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tukaanza kuusaka. Tulifungua chupa mpya za dawa: mstari upo. Tulichukua tyubu mpya kabisa: mstari upo. Nilimtazama Kidole mikono, akaapa kwa dole gumba lake lililo ukutani kwamba safari hii si yeye. Mwishowe tukaacha kutumia Nyuki.

Nyuki ni mashine yetu ya kusagia. Ni mkono wa chuma, mrefu kama penseli mbili, mwembamba, wenye meno madogo ndani ya ncha, na ukiuwasha unavuma hadi meno yako mwenyewe yanawasha. Tulipika hewa bila Nyuki. Kioo kikatoka cheupe kama shuka jipya.

"Lakini naiosha kila siku!" nilisema.

"Unaosha nje," alisema Kidole.

Alileta bisibisi, tukaufungua ule mkono. Ndani una uwazi, na ukutani mwa uwazi kulikuwa na utando mweupe, umekauka kama ukoko wa sufuria. Kidole akaunusa. Akaunusa tena, akafumba macho. Ana mtoto mchanga nyumbani, wa kwanza, na siku hizo alikuwa anakuja kazini na madoa begani.

"Harufu hii naijua," alisema. "Hii ni harufu ya shati langu."

Tukatazamana.

"Maziwa?" nikasema.

"Yaliyocheuliwa."

Nani angetia maziwa kwenye Nyuki? Nilifikiri wanafunzi, nikafikiri wafagiaji, nikafikiri hujuma za watu wa maabara ya ghorofa ya juu ambao wanatuonea wivu kitotoleshi chetu. Halafu nikakumbuka jambo dogo la nyumbani. Jioni mama hunipa maziwa vilevile, kutoka sufuria ileile, kwa mkono uleule. Nyumbani hayana povu.

Kesho yake, kabla ya saa nne, tulitangaza kwa sauti kubwa kwamba tunakwenda kugeuza mayai. Tukapita mlango wa mbele tukarudi kwa wa nyuma, tukasimama nyuma ya kabati la vyombo vya glasi, mimi nimekanyaga mguu wa Kidole naye hana la kusema. Mama akaingia. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, huyo mwanamke aliyeandika kwa mkono wake bango la mlangoni: CHAKULA NA VINYWAJI MARUFUKU, HATA WEWE. Akakiweka kikombe cha bluu chini ya Nyuki, akauzamisha ule mkono ndani ya maziwa, akawasha.

Nyuki akavuma. Povu likapanda. Mama akawa anakizungusha kikombe taratibu, kichwa kimeinama upande, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo akiwa na kioo chochote. Alizima, akasuuza mkono wa chuma bombani, akaukung'uta, akaurudisha mahali pake. Akabeba kikombe kwa mikono miwili hadi nje ya mlango, akageuka, akasimama sawasawa na bango.

"Kitinda!"

Mkuki kwa nguruwe. Nilikunywa maziwa yale nikimwangalia machoni, na kila funda nilihisi naimeza ile nafasi ya kazi ya mji mwingine.

Baadaye tulikaa chini ya ngazi kutafakari. Mambo yalikuwa wazi sasa, na yalitia aibu kwa namna yalivyokuwa wazi. Maziwa ni chakula cha mtoto, na mafuta ya maziwa yamevikwa sukari ileile ya utotoni. Mkia wake wa mafuta ni tofauti kidogo na wa ubongo, ndiyo maana mstari ulipanda unywele. Kila siku mama alimnywesha Nyuki, na kila siku Nyuki akawanywesha vifaranga wangu.

"Mwambie," alisema Kidole.

"Mwambie wewe."

"Mimi nina kidole ukutani. Wewe ni damu yake."

"Ndiyo maana sitathubutu. Nikimwambia ana kwa ana, atanijibu kwa maneno saba nami nitajikuta naomba radhi."

"Basi Jumatatu," akasema Kidole, na meno yake yote yakaonekana.

Jumatatu ni siku ya kusoma bila jina. Huo ni utaratibu wa mama mwenyewe, na anaujivunia kuliko shahada zake. Anayeleta kioo hafungui mdomo. Mistari haina majina. Anayesoma hajui kipi ni kipi, anasoma kwa sauti mbele ya wote, na akishatamka neno halifutwi. "Ukijua jina," hutuambia, "jicho linaona inachotaka roho." Wanafunzi huogopa Jumatatu. Mama hajawahi kukosea hata mara moja, nasi sote tunalijua hilo kwa sababu hutukumbusha.

Nilitengeneza kioo kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia. Njia ya kwanza, yaani mahali linapopanda tone la kwanza, ubongo mchanga. Njia ya pili, ubongo mkubwa, wa kifaranga aliyekaribia kutoka, nimeusaga kwa mkono katika kinu kidogo cha glasi, Nyuki hakualikwa. Njia ya tatu, kijiko kimoja cha maziwa kutoka kikombe cha bluu. Nilibaki nacho mdomoni kidogo, nikarudi ndani kama kuku aliyebeba punje, nikakitema kwenye tyubu. Hapana, natania. Nilichota kwa mrija kama mtu mwenye adabu.

Chumba kilijaa. Mama alikaa mbele, akapandisha miwani, akakishika kioo kwa kingo, jinsi inavyotakiwa.

"Njia ya kwanza," alisema, "ubongo mchanga. Sukari ya utotoni nene, nyingine hazijaja. Sahihi?"

Nilinyamaza. Ndiyo sheria.

"Njia ya pili." Akasita. Akakisogeza kioo dirishani. "Huu ni ubongo mkubwa. Msafi." Akanitazama, akakitazama kioo, akanitazama tena. "Huu umeusaga nani?"

Kidole akaanza kuchunguza dari.

"Haya. Njia ya tatu." Hapo uso ulimfunguka. "Aa! Tazameni hapa, wanafunzi. Huu ni mchanga kuliko hata ule wa kwanza. Karibu yote ni sukari ya utotoni. Huyu yuko katika siku zake za mwanzo kabisa, hata macho hajaota, hajui yeye ni nani. Ni nadra kupata sampuli safi namna hii. Umepanda unywele, lakini huyu msichana na kimiminika chake tumeshazoeana." Akageuka kwangu. "Kazi nzuri. Kuku gani huyu?"

Sasa niliruhusiwa kusema.

"Si kuku, Profesa."

"Bata?"

"Ana miguu minne."

Akashusha miwani. "Nani amewapa ruhusa ya kutumia wanyama wa miguu minne?"

"Hatukumdhuru. Tena tumemwona leo. Alikuwa koridoni."

"Koridoni?"

"Kwenye kikombe cha bluu."

Watu waliuma mashavu kwa ndani. Mwanafunzi mmoja nyuma alitoa sauti kama ya chura, akajifanya anakohoa. Mama hakuelewa, kisha akaelewa. Niliiona ile habari ikimpanda taratibu kutoka shingoni hadi kwenye nywele.

"Sikunywa ndani," alisema.

"Hukunywa ndani, Profesa. Ulitengenezea ndani."

"Niliisuuza."

"Nje."

Alikitazama kioo muda mrefu. Mwosha huoshwa, nikawaza, na nilifurahi, sitaficha, nilifurahi sana. Kisha mama yangu akasimama. Akaenda mlangoni, akakitoa kile kioo chenye dole gumba kwenye msumari wake, akakipangusa vumbi, akamkabidhi Kidole kwa mikono miwili kama anayetoa tuzo. Kwenye msumari ule ule akatundika kioo cha maziwa.

"Mgeni akija," alisema, "mwambieni huyu ndiye mkuu wetu. Hata macho hajaota."

Hapo ndipo chumba kilipopasuka kwa kicheko, na yeye akicheka kuliko wote, hadi machozi. Kidole alilikumbatia dole lake. Nilidhani mambo yamekwisha.

Aliniita ofisini. Kikombe cha bluu kilikuwa mezani, kitupu, amekigeuza mdomo chini. Hakuwa anacheka tena, na mimi kwa mazoea nikakaa kwenye kile kiti kifupi cha wanafunzi.

"Ule unywele," alisema, "niliuona tangu kioo cha kwanza."

"Ulisema kimiminika kimechakaa."

"Hakikuwa kimechakaa. Nilikinusa." Alikuwa anakizungusha kile kikombe juu ya meza. "Maziwa sikuyajua, Mungu ni shahidi. Lakini mstari wa ubongo hauwezi kupanda unywele. Nilijua kuna uchafu mahali. Mtu mwingine ningemwambia siku ileile, pika hewa."

"Mbona mimi hukuniambia?"

Akaacha kukizungusha kikombe.

"Kwa sababu ungeupata," alisema. "Ungeupata wiki ileile, halafu ungeondoka. Niliogopa, mwanangu. Vyumba vile nikivitandika, najiambia bado kuna kimoja kinachochafuka."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba vifaranga wangapi wamekufa bure, na kwamba nimelala na wasiwasi, na kwamba mwisho wa mwezi ulikuwa unanikimbilia. Nilimwambia pia, yote, na sikuomba radhi hata kwa neno moja. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nilikuta nimeshika mkono wake na hasira haijaisha, basi nikawa navyo vyote viwili, hasira na mkono.

"Lete mayai," alisema. "Tunasaga leo, mimi na wewe. Kwa mkono."

Tulifanya kazi mchana ule bega kwa bega. Alishika kinu, mimi nikashika mchi wa glasi, na kila baada ya kitambo aliniambia nisage taratibu kisha akajizuia katikati ya sentensi. Tulisimamisha kioo tangini, tukanyunyizia, tukatia ovenini. Kilipopoa alinipa nikisome mimi.

Ubongo mchanga, mstari mnene. Ubongo mkubwa, mistari ya watu wazima imejipanga, na pale palipokuwa na ule mgeni, peupe. Nilitaka kuruka. Nikachukua lenzi nihakikishe.

"Mama! Bado upo!"

Sikumwita Profesa, naye hakunisahihisha. Ulikuwa mwembamba, umefifia, kama alama ya penseli iliyofutwa. Lakini ulikuwepo.

Alichukua lenzi. Alitazama, akapima kwa rula kutoka chini, akanirudishia.

"Pima."

Nikapima. Haukupanda hata unywele. Ulikuwa usawa mmoja kabisa na ule wa ubongo mchanga.

"Hayo si maziwa," alisema.

"Si maziwa."

"Huo ni wa kwake mwenyewe."

"Lakini ni mkubwa! Anakaribia kutoka!"

"Hautoki wote, Kitinda. Unapungua tu. Ungetoka wote ningesema umenidanganya." Akachukua penseli, akaandika tarehe kwenye pembe ya kioo, akapuliza vumbi la penseli. "Kisafi. Kesho nakusindikiza."

Alinisindikiza, na begi alibeba yeye, akilalamika njia nzima kwamba nimejaza mawe. Hakulia. Kidole alilia, kwa sababu sasa meza yote ni yake na hajui atamsingizia nani.

Nilipofungua begi katika chumba changu kipya nilielewa lile lalamiko lilikuwa la nini. Chini ya nguo, kikiwa kimezungushiwa koti langu jeupe la kwanza, kulikuwa na kikombe cha bluu, na ndani ya kikombe, mkono wa chuma wa Nyuki, umeoshwa hadi unang'aa. Maabara haiuhitaji tena. Mkono uliokwisha kulamba maziwa haurudi kwenye ubongo. Unaingia kwenye mashine yoyote ya aina ile, hata kwenye ile ndogo ya mkononi iliyo katika jiko la wafanyakazi huku nilipo.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na glavu mikononi na watu wasionijua pande zote. Waliniita Daktari. Niliona fahari. Saa nne ilipofika nikajikuta nimevua glavu na nimesimama koridoni, na hakuna aliyekuwa ameita. Nilisimama pale kidogo, nikijicheka. Kisha nikaenda jikoni kuchemsha maziwa.